Neno la Kikapu

Ukifika kwenye kibanda cha mizani ya chai saa nane mchana utamkuta Lilian amesimama mlangoni. Amevaa koti la mvua la njano na buti za mpira, na kalamu ameichomeka kwenye nywele. Watu wanamsifu. Wanasema alikuja hapa na sanduku moja, na sasa meneja mwenyewe anamwita kwa jina. Wanasema anajua Kiingereza. Mimi ni mke mwenzake, namjua kuliko hao wanaomsifu, na Kiingereza chake najua kilikotoka, kwa sababu sehemu kubwa nilimpa mimi.

Naitwa Tusekile. Sikusoma shule, kwetu walisomeshwa wavulana. Kusoma na kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa na mtoto mgongoni, na mpaka leo kalamu naishika kama mpini wa jembe. Erasto alinioa kwa ng'ombe, mbele ya wazee na mbele ya kanisa.

Kwetu Rungwe mwanamke akishatolewa ng'ombe haonani tena na mkwe wake wa kiume, mzazi wa mumewe. Akimwona anakuja njiani huingia migombani, akajifunika kitenge usoni mpaka mzee apite. Jina lake pia halitamki. Wala si jina peke yake. Kitu chochote ambacho jina lake linaanza kama jina la mkwe, nacho hakitajwi; unakitafutia jina lingine. Mkwe wangu ana jina la Biblia, la yule aliyesafiri na Mtume Paulo, nalo linaanza na B na A. Zaidi ya hapo sitaliandika. Vijineno vya kuunganishia habari tulisamehewa, maana mtu angekuwa bubu, lakini majina ya vitu hapana.

Jaribu siku moja uone. Barabara niliiita njia ya magari. Bati niliita paa linalong'aa. Barua niliita karatasi ya posta. Erasto watu wote walimwita baba Asifiwe, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza. Mimi nilimwita tata Asifiwe, kwa Kinyakyusa, na watoto wakanicheka. Nilikwenda hivyo miaka ishirini na sita na sikuteleza hata mara moja. Leo nayaandika maneno hayo bila kujificha, na sababu yake ndiyo habari yenyewe.

Erasto alikuwa akifanya kazi ya kupakia majani ya chai kwenye trekta la kiwanda. Ulipoanza wakati wa nguo za mitumba, alianza kulala Tukuyu mjini. Mara trekta limeharibika, mara mvua imemzuia. Kumbe mvua yenyewe ilikuwa Lilian, aliyekuwa akipanga mitumba chini na kuinadi, mwanamke mwenye meno mazuri na sauti ya kuita watu. Alikuwa akikaa mtaa wa Bagamoyo, ule wa Tukuyu, si ule wa pwani. Hata mtaa wake sikuweza kuutaja. Jirani yangu Dainess alijua hilo, na kila asubuhi kwenye mstari wa chai aliniuliza kwa upole wa uongo, "Mama Asifiwe, mzee wako kalala wapi jana?" Nikamjibu, "Kule juu mjini, ukipita Msasani." Wanawake wote wakainama kwenye chai wakicheka.

Mwisho akamleta nyumbani. Kanisa lilimtenga Erasto na meza ya Bwana, naye akasema meza anayo nyumbani. Ng'ombe hakutoa. Shangazi Atupakisye, dada yake mkwe wangu, alisema huyu si mke, ni mgeni aliyesahau kuondoka. Nilifurahi kusikia hivyo, lakini furaha yangu haikudumu wiki. Kwa sababu hakutolewa ng'ombe, Lilian hakufungwa na lolote. Asubuhi alipita uani kwa mkwe wangu ameinua uso, akamwamkia, "Shikamoo mzee," naye akamjibu. Alikwenda jikoni kwao kuomba moto. Siku moja nilikuwa nimejificha migombani nikawaona wamesimama wanazungumza habari za mahindi, mzee anacheka. Sikujua kwamba anacheka namna ile. Mimi miaka yote hiyo nilikuwa naijua miguu yake tu.

Kazi ya chai Lilian hakuijua. Alichuma majani makubwa magumu, yakakataliwa kwenye mizani. Nilimwonyesha mimi: majani mawili na chipukizi, kidole gumba kifanye kazi, usivute. Akaniita dada. Nilimchukia, lakini kuitwa dada na mtu aliyemaliza darasa la saba kulinipendeza, sitakataa.

Wakati huo serikali ilikuwa inauza viwanda, na chetu nacho kikapata wenyewe wapya. Watu wengi walipunguzwa. Akaletwa meneja kutoka nchi ya mbali ambako nako wanalima chai, mtu mwembamba, mpole, asiyejua neno la Kiswahili. Amoni, aliyekuwa karani wa mizani tangu zamani, aliambiwa amalize mwezi. Likatoka tangazo: nafasi yake atapewa mwanamke, kwa kuwa wachumaji wengi ni wanawake na malalamiko ya kupunjwa kilo yamezidi. Awe anajua kusoma mizani, na awe anaweza kumtajia meneja majina ya vitu vya kazi kwa Kiingereza.

Niliposikia tangazo lile mgongo wangu ndio ulioitika kwanza. Kikapu nilikuwa nimekibeba tangu Asifiwe hajaanza kutembea. Asubuhi nilikuwa sinyooki mpaka nishike nguzo ya mlango. Kazi ya mizani ni ya kusimama chini ya paa, umevaa koti la mvua, na kalamu mkononi. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu, kuliko nilivyomtaka Erasto siku zake njema.

Mwalimu mmoja mstaafu, Mwalimu Fred, mtu wa Njombe aliyehamia huku baada ya kustaafu, akajitolea kutufundisha jioni katika jengo la kanisa. Njia yake ilikuwa moja. Kila siku alichukua majina ya vitu yanayoanza kwa herufi zilezile, akayapanga moja chini ya jingine ubaoni, akatuambia maana, nasi tukaimba. Alisema maneno yenye mwanzo mmoja yakifundishwa pamoja, moja likija kichwani linawavuta wenzake. Siku ya kwanza ilikuwa L na E. Leaf, jani. Leg, mguu. Ledger, daftari kubwa la kazi. Letter, barua, mimi nikasema karatasi ya posta, naye akaniambia si vibaya, maana umeipata. Siku ya pili S na H. Shed, kibanda. Shelf, rafu. Sheet, karatasi moja, tena shuka. Shoe, kiatu. Siku ya tatu R na A. Rain, mvua. Rack, chanja. Rake, reki. Rat, panya, na hapo wanawake wakasema hilo linafaa kwa Amoni.

Mimi nilikuwa wa kwanza. Sisemi hivi kwa kujisifu. Mtu asiyeandika sana hukumbuka sana, na mtu aliyezoea kuchungulia kila neno kabla halijatoka mdomoni, kama nilivyozoeshwa mimi, hujua kila neno linaanzaje. Mwalimu Fred alishangaa. Alisema ningesoma ningefika mbali. Lilian alikaa pembeni yangu na daftari lake zuri, na kesho yake alikuwa amesahau nusu. Kwenye mstari wa chai aliniomba, "Dada, lile la chanja ni lipi?" Nikamwambia. Nikamwimbisha kuanzia mwanzo wa mstari hadi mwisho, mikono ikichuma. Nilipenda kuona aliyesoma ananiuliza mimi.

Siku ya nne Mwalimu aliandika B na A.

Basket, kikapu. Bag, mfuko. Balance, mizani. Barrel, pipa. Bamboo, mwanzi. Battery, betri. Banana, ndizi. Bank, benki. Ubao ukajaa kuliko siku zote. Wanawake wakaimba. Mimi nilifunga mdomo na kuyasoma kwa macho, na kila moja lilikaa kichwani mahali pake.

Mwalimu akaninyooshea fimbo. "Tusekile, leo umeacha ulimi nyumbani?"

Wakacheka. Dainess alijua, na wenyeji wote waliokuwamo walijua, lakini walitazama chini. Kumweleza mgeni kwa nini hulitaji neno ni sawa na kulitaja, tena mbele ya watu. Nikajifunga kitenge upya. Mwalimu akasema pengine nimechoka, akampa Lilian fimbo aongoze. Aliongoza kwa sauti ile ya kunadi mitumba. Siku hiyo hakuniuliza chochote njiani. Siku hiyo nilikuwa sina cha kumpa.

Mtihani ulifanyika Ijumaa palepale kibandani. Tulikuwa wanawake watano. Amoni alikuwa mkalimani. Nilitangulizwa mimi, kwa sababu Mwalimu Fred alikuwa amenitaja kwa meneja. Nilikuwa nimesali ile asubuhi aniulize mvua, aniulize rafu, aniulize kibanda chenyewe.

Meneja alinyoosha kidole mgongoni kwangu, kwenye kikapu.

Neno nilikuwa nalo kabla kidole hakijatulia. Nilitazama sakafu. Akasubiri, kisha akaonyesha mfuko. Kisha mizani. Vitu vya kibanda kile vyote vilikuwa vya jina la mkwe wangu, kana kwamba vimewekwa pale na mtu mwenye chuki nami. Nikaona nisipofungua mdomo nimekwisha, nikasema bila kuulizwa, "Shed. Shelf. Rain." Meneja akatabasamu, kama unavyomtabasamia mtoto aliyekuletea jani ulipomwomba maji, akasema jambo kwa Amoni, na Amoni akaniambia nisogee.

Lilian aliyasema yote matatu bila kupumua, akaongeza pipa na mwanzi.

Lakini hilo silo lililonichoma. Erasto alikuwa pale. Alikuwa ameegemea gurudumu la trekta, hatua kumi hivi kutoka mlangoni, na aliona kila kitu. Jina lile ni la mzazi wake. Yeye analitamka kila siku, hakuna anayemkataza. Sentensi moja tu kwa Amoni ingetosha: huyu mwanamke anajua, ila mila imemfunga, mwulizeni mengine. Amoni ni mwenyeji, angeelewa kabla sentensi haijaisha. Erasto hakusema. Nilipomtazama, alikuwa anamtazama Lilian, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeangalia timu yake.

Nilimwuliza nyumbani. Akasema, "Mama Asifiwe, kazi si imekuja hapahapa kwetu? Ni ileile."

"Kwetu kwa nani?" nikamwuliza. Akatoka kwenda kumwangalia ndama.

Nikamwona Lilian amevaa koti la njano. Nikapanga foleni na wenzangu, nikamshushia kikapu, akaandika kilo zangu. Hakunipunja, nitasema ukweli. Ningeshukuru kama angenipunja, ningepata la kusema. Kila meneja alipopita, Lilian alitaja vitu vyake, na mimi niliyasikia maneno yale kama mtu anayesikia wengine wakila. Miezi mitatu nilikuwa hivyo. Halafu nikapata wazo, na wazo lenyewe lilikuwa zuri mno hata nikakosa usingizi.

Nilikuwa na mtamba wangu, ng'ombe aliyetoka katika mahari ya binti yangu Asifiwe, ambaye wazee walisema ni wa nyumba yangu. Nilikwenda kwa shangazi Atupakisye nikamwambia kwamba si vizuri Lilian akae kama mgeni, watu wanamsema Erasto, wanamsema mzee. Nikasema namtoa mtamba wangu apelekwe kwao, Lilian aolewe kama nilivyoolewa mimi.

Shangazi aliinuka alipokuwa ameketi. Akasema, "Ndaga fijo, mama Asifiwe," yaani asante sana, na akanishika mikono yote miwili. Habari ikaenea. Kanisani wanawake walisema nina moyo ambao wao hawana. Erasto alinishika bega mbele ya watoto, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka. Hakuna aliyeona nilichokiona. Nilikuwa nafunga ulimi wa Lilian kwa kamba ileile iliyofunga wangu. Akishatolewa ng'ombe atakuwa mkwe kama mimi. Atajificha migombani kama mimi. Atasimama mbele ya meneja na kikapu mbele yake, naye atatazama sakafu.

Mtamba akaenda. Nilisimama nikamwangalia mpaka akapotea kwenye kona, na sikusikitika.

Jumamosi akina mama wakakusanyika. Lilian aliketishwa kwenye mkeka, kitenge kichwani, na shangazi akamfundisha moja baada ya jingine: usimtazame mzee, usipite mbele yake, usitaje jina lake wala vitu vinavyoanza kama jina lake. Lilian akaitikia, "Ndiyo, shangazi." Mimi nilimtazama mdomo tu. Nilipika siku hiyo kuliko wote. Nilicheza ngoma mpaka Dainess akaniuliza kama ni mimi ninayeolewa.

Jumatatu nilichuma kwa haraka, nikafika kibandani mapema, nikajiweka mbele. Meneja alikuja na mgeni wake, wakasimama mlangoni, akamwashiria Lilian amwonyeshe mgeni kazi inavyokwenda.

"Basket," alisema Lilian, mkono juu ya kikapu changu. "Bag. Balance."

Sauti ilikuwa ileile ya siku zote. Nikageuka kuwatazama wanawake wenzangu, ambao juzi walikaa mkekani wakasikia. Mmoja alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Dainess alikuwa anahesabu foleni. Meneja akaondoka.

Nikamwuliza Lilian, "Ya Jumamosi umeshayasahau?"

"Sijasahau, dada. Nyumbani sitaji. Na mzee simtazami, leo asubuhi nimezunguka kwa nyuma mpaka nimelowa."

"Na hapa?"

"Hapa ni kazini. Jumamosi ileile nilimwambia Erasto akamwulize mzee, maana niliogopa. Akaenda jioni." Alikuwa anaandika huku anasema. "Mzee akasema kama ni la kazi, aliseme tu. Akasema yeye hajali, ila hakuna mtu aliyewahi kumwuliza."

Nilishika ukingo wa mizani. Sindano ikacheza, na Lilian akaniomba nitoe mkono, inapoteza kilo.

Nimekwenda na maneno hayo mpaka leo. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Miaka ishirini na sita nimeita bati paa linalong'aa, na mzee yuko pale, hatua hamsini, na mtoto wake anakula chakula changu kila jioni. Kwangu Erasto hakuona kama ni jambo la kuuliza. Kwa yule alikwenda siku ileile, na ng'ombe aliyemfungulia mdomo ni wangu. Na mimi mwenyewe sikumtuma. Wala halikunijia kichwani kwamba mtu anaweza kutumwa. Hapo ndipo ninapomwonea Lilian wivu zaidi ya koti na zaidi ya mume: alifundishwa jambo Jumamosi mchana, na jioni akauliza.

Watu walisubiri nigombane. Sikugombana, ningegombana kuhusu nini, nao wanajua kwamba mtamba nilimtoa kwa moyo mzuri?

Siku iliyofuata mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nilifika kwenye mizani nimelowa, foleni ndefu nyuma yangu. Nilishusha kikapu mbele ya Lilian. Sikuwa nimepanga. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Basket," nikasema.

 Nilingoja mtu aseme Tusekile amelitaja. Lilian alisogeza sindano kwa ukucha, akasoma.

"Kumi na tisa, dada," akasema, akaandika. "Anayefuata."

Nikakimwaga kikapu, nikakirudisha mgongoni, nikapanda mstarini. Huko juu, nikiwa peke yangu katikati ya chai, niliyasema yote yaliyokuwa ubaoni siku ile, kwa mpangilio wake, na maana ya kila moja. Sikukosea hata moja.